Uende na Hesabu Gani: Mwongozo wa Kujiandaa kwa Mafunzo ya Usimamizi na Udhibiti wa Huduma za Maji na Umeme, kwa Anayeanzia Tanga

Maswali yanayonifikia kuhusu mafunzo haya hayabadiliki. Mhitimu wa uchumi anayekaa Makorora anataka kujua ni chuo gani kinachotoa cheti cha udhibiti. Msoma dira aliyetembea mitaa ya Ngamiani kwa miaka sita anauliza kama ana haki ya kuomba nafasi ilhali hana shahada. Mhasibu wa mamlaka ya maji ameshapata barua ya kukubaliwa kozi ya nje, na sasa anauliza abebe nguo za baridi kiasi gani. Karibu hakuna anayeuliza aende na hesabu gani, na hilo ndilo swali ambalo ningependa kulijibu hapa, kwa sababu kozi ya wiki mbili humfaa zaidi yule aliyefika akiwa na takwimu za mji mmoja kichwani na swali moja ambalo limemshinda.

Ninaposema huduma za umma nakusudia zile zinazofika nyumbani kwa bomba au kwa waya, na ambazo mteja hana duka la pili la kuzinunulia. Kwa kuwa hana duka la pili, bei haiwezi kuachiwa muuzaji peke yake, na kwa kuwa bomba na nguzo hugharimu fedha nyingi, haiwezi kuachiwa mteja peke yake pia. Nadharia hiyo inatosha kwa kuanzia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la hesabu na kompyuta yenye programu ya lahajedwali, hata ikiwa ya kuazima.
- Nakala ya Sheria ya EWURA (Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji), Sura ya 414, pamoja na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019. Anayelenga umeme aongeze Sheria ya Umeme ya 2008.
- Taarifa za utendaji wa mamlaka za maji ambazo EWURA huzichapisha kila mwaka.
- Ankara za maji za nyumbani kwako za miezi 12, na risiti za LUKU ikiwa unazitunza.
- Jioni za miezi mitatu au minne. Anayetaka kumaliza yote haya kwa wiki moja ataishia kunakili kazi ya mwenzake.

Hatua

1. Amua utakaa upande gani wa meza. Mtoa huduma huomba bei, mdhibiti huipima, na mtumiaji huitetea mifuko yake. Kwa hapa kwetu, Tanga UWASA (mamlaka ya maji) na TANESCO (shirika la umeme) ni watoa huduma, EWURA ni mdhibiti wa maji, umeme, mafuta na gesi asilia, na watumiaji wana baraza lao la ushauri, EWURA CCC. Mafunzo ya mmoja si lazima yamfae mwingine: meneja wa biashara anahitaji zaidi kupunguza upotevu na kukusanya madeni, wakati mchambuzi wa bei anahitaji fedha, uchumi na sheria. Tahadhari: maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa na sheria ile ile ya 2019, na mifumo yake ya jumuiya za watumia maji si sawa na ya mjini. Anayetoka wilayani asinakili hesabu za jiji.

2. Soma sheria ukiwa na kalamu mkononi. Usisome kama riwaya. Tafuta majibu ya maswali manne tu: nani anatoa leseni, nani anaidhinisha bei, mteja analalamika wapi, na asiyeridhika na uamuzi wa mdhibiti anakwenda wapi. Andika namba ya kifungu pembeni ya kila jibu. Swali la nne ndilo wanaoanza hulikosa mara nyingi zaidi. Jibu lake ni Baraza la Ushindani, si ofisi ya mkuu wa mkoa.

3. Chagua mji mmoja na ukusanye takwimu za miezi 12. Chukua maji yaliyozalishwa, maji yaliyotolewa ankara, fedha zilizodaiwa, fedha zilizokusanywa, idadi ya wateja, saa za huduma kwa siku, idadi ya wafanyakazi na gharama za umeme na dawa. Tanga ni mji mzuri wa kuanzia kwa sababu mnyororo wake unaonekana kwa macho: maji yanatoka misitu ya Usambara Mashariki, yanashuka na Mto Zigi, yanakusanywa katika bwawa la Mabayani, yanasafishwa, kisha yanasukumwa mjini. Kilimo kikisogea kingo za mto huko juu, tope huongezeka bwawani, dawa za kusafishia huongezeka, na gharama hiyo hatimaye huingia katika ankara ya mtu wa Raskazone ambaye hajawahi kufika Amani.

Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya fedha zilizodaiwa na fedha zilizokusanywa. Mimi mwenyewe nililifanya hadharani. Katika ombi langu la kwanza la bei, nilipokuwa mtumishi wa mamlaka moja, niliandika jumla ya ankara chini ya neno mapato, nikasimama mbele ya wananchi na kulisoma kwa sauti. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alinyoosha mkono. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza: "Mwanangu, hizo fedha mmezipata au mmeziandika?" Sikuwa na jibu, na mkutano uliobaki ulikuwa wake.

4. Linganisha maji yaliyozalishwa na yaliyouzwa. Chukua mji wa kubuni ili ujifunze njia. Mwezi mmoja umezalisha uniti 300,000 (uniti moja ni lita 1,000) na kutoa ankara za uniti 219,000. Uniti 81,000 hazijulikani zilipo, yaani asilimia 27. Hapo wanaoanza hukimbilia kuzidisha 81,000 kwa bei na kutangaza hasara. Usifanye hivyo kabla hujaugawa upotevu huo mara mbili. Kuna maji yaliyovuja ardhini, ambayo thamani yake kwa kawaida ni gharama ya kuyazalisha tu, yaani umeme na dawa; na kuna maji yaliyotumika bila kulipiwa kwa sababu ya dira mbovu, usomaji wa kukisia au kujiunganishia kwa wizi, ambayo thamani yake ni bei kamili ya kuuzia. Katika mji wenye mgawo, hata uniti iliyovuja ingeweza kuuzwa, kwa hiyo hesabu hubadilika tena. Mgawanyo huu ndio unaoamua kama fedha kidogo ulizonazo uzipeleke kununua dira mpya au kubadilisha bomba kuukuu, na meneja asiyeufanya hubadilisha dira za mtaa mzima huku bomba kuu likibubujika vichakani.

5. Kokotoa bei kwa mkono. Endelea na mji ule ule. Tuseme kwa mwaka gharama za uendeshaji ni shilingi bilioni 3.6, uchakavu wa mali milioni 500, gharama ya mtaji (yaani riba na faida ya waliotoa fedha) milioni 400, na kuna mapato mengine ya milioni 100 kutokana na maunganisho mapya. Jumlisha tatu za kwanza, toa ya mwisho, unapata bilioni 4.4. Hayo ndiyo mahitaji ya mapato. Uniti zinazouzwa kwa mwaka ni 219,000 mara 12, sawa na 2,628,000. Gawanya: shilingi 1,674 kwa uniti.

Sasa rudia hesabu ukidhani upotevu umeshuka hadi asilimia 20. Uniti za kuuza zinakuwa 240,000 kwa mwezi, sawa na 2,880,000 kwa mwaka, na bei inashuka hadi shilingi 1,528. Tofauti ni shilingi 146 kwa kila uniti. Kaa na namba hiyo kwa muda. Mtoa huduma ataleta ombi la 1,674 na kusema ndiyo gharama halisi, wala hadanganyi. Mdhibiti atauliza kwa nini mteja anayelipa kwa wakati abebe shilingi 146 za dira mbovu na mivujo isiyoshughulikiwa. Mtoa huduma atajibu kwamba bila fedha hizo hatapata za kubadilisha mabomba, na upotevu utapanda. Wote wawili wana hoja, na sehemu kubwa ya kile kinachofundishwa katika kozi za udhibiti, ukikivua majina yake makubwa, ni namna ya kuigawa 146 hiyo: kiasi gani kiingizwe katika bei mwaka huu, kwa sharti gani, na kipunguzwe kwa kasi gani mwaka wa pili na wa tatu.

Tahadhari mbili. Usiweke uchakavu na marejesho ya mkopo wa mali ile ile pamoja bila kuangalia, kwa sababu unaweza kumtoza mteja bomba moja mara mbili. Pia tenganisha mali iliyojengwa kwa ruzuku: mtoa huduma hakuweka mtaji wake hapo, kwa hiyo hastahili faida juu yake, ingawa gharama ya kuitunza ni yake.

Kwa Tanga hesabu ya mtaji si ya darasani. Mwaka 2024 Tanga UWASA iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Zidisha mwenyewe: riba ya mwaka mzima juu ya kiasi hicho ni kama shilingi bilioni 7.17. Mtu anayesimamia deni la namna hiyo hawezi kuendesha ofisi kwa mazoea, na ndiyo sababu mamlaka za maji sasa zinahitaji watu waliosomea jambo hili.

6. Shuka mtaani. Omba kufuatana na msoma dira siku moja. Utaona kifuniko cha boksi la dira kimezikwa na mchanga. Ukikiinua, konokono wamejaa, na kioo cha dira kimepiga ukungu kwa ndani. Msoma dira anafuta kwa kitambaa, haoni, anamulika kwa simu, anainamisha kichwa hadi shavu linakaribia udongo. Tarakimu nyeusi ndizo uniti. Nyekundu ni sehemu za uniti na hazimo katika ankara. Anayeanza akizisoma zote pamoja humpelekea mjane ankara ya mamilioni. Kioo kikiwa hakisomeki kabisa, anaandika wastani wa miezi iliyopita, na hapo ndipo safu ya "upotevu" katika lahajedwali yako inapozaliwa.

Ukimaliza, pitia kwenye gati, yaani bomba la umma linalouza maji kwa ndoo. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, uniti imefika 2,500. Na dumu la ukubwa huo likiletwa mlangoni kwa mkokoteni kwa shilingi 300, uniti ni 15,000. Ukisikia mtu anasema bei ya chini ya bomba la nyumbani inamsaidia maskini, muulize kwanza kama huyo maskini ana bomba.

7. Hudhuria taftishi na fuata bei za mafuta. Taftishi ni mkutano wa wazi ambao mdhibiti huuitisha kusikiliza maoni kabla ya kuamua ombi la bei. Tangazo likitoka, nenda, kaa mbele, andika kila swali la mwananchi na jibu lililotolewa. Wakati unasubiri taftishi una somo la bure kila mwezi: Jumatano ya kwanza EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na bei ya yale yanayopokelewa bandari ya Tanga hutajwa kando na ya Dar es Salaam na Mtwara. Eleza kwa aya moja kwa nini mwezi huu imepanda au kushuka, ukitenganisha bei ya soko la dunia, thamani ya shilingi na gharama za kuyafikisha. Ukifanya hivyo miezi mitatu mfululizo umejifunza zaidi ya cheti kimoja nilichowahi kukiona kimetundikwa ukutani.

8. Sasa chagua kozi. Hapa sitakaa sana, kwa kuwa ukiwa na hesabu zako uchaguzi huwa rahisi. Anayehitaji msingi wa ufundi wa maji aanze na Chuo cha Maji, Dar es Salaam. Anayehitaji menejimenti atazame kozi fupi za ESAMI, Arusha. Wadhibiti wa maji wa mashariki na kusini mwa Afrika wana jumuiya yao, ESAWAS, na wa nishati wa Afrika Mashariki wana EREA yenye makao Arusha. Fuatilia semina na machapisho yao. Kwa nje, kozi inayotajwa zaidi ni ile ya wiki mbili inayoendeshwa Gainesville, Marekani, na PURC, kituo cha utafiti wa huduma za umma cha Chuo Kikuu cha Florida, pamoja na Benki ya Dunia, iliyoanza mwaka 1997 na ambayo kwa kawaida hufanyika mara mbili kwa mwaka. Hukusanya wadhibiti na mameneja kutoka sekta na nchi nyingi. Florence School of Regulation ya Italia ina kozi za mtandaoni, ambazo humfaa asiye na mfadhili wa tiketi.

Huko utakutana na njia mbili za kudhibiti bei. Moja, iliyokomaa Marekani, humruhusu mtoa huduma kurudisha gharama zake pamoja na faida ya kadiri. Nyingine huweka kikomo cha bei kinachopanda kwa mfumuko wa bei ukitoa kiwango fulani cha ufanisi. Mwanauchumi Stephen Littlechild aliipendekeza kwa simu za Uingereza mwaka 1983. Usiende ukiwa umeshaamua ipi ni bora. Rudi kwenye ile 146 na ujiulize kila njia ingeigawaje.

9. Andika maombi. Barua ya maombi iwe na aya tatu. Ya kwanza iseme unafanya nini sasa. Ya pili itaje tatizo moja lenye namba: "Mji wangu unapoteza asilimia kadha ya maji, na hatujui sehemu ipi ni dira na ipi ni mivujo." Ya tatu iseme utafanya nini ndani ya miezi sita baada ya kurudi. Barua inayoanza kwa "Nina shauku kubwa ya kupanua upeo" husomwa mstari mmoja ikawekwa kando.

Mtumishi wa umma anahitaji ruhusa ya mwajiri na kibali cha kusafiri nje, na mahojiano ya viza ya Marekani hufanyika ubalozini Dar es Salaam. Anza na hati ya kusafiria mapema. Nimeona nafasi iliyolipiwa kikamilifu ikipotea kwa sababu pasi ilikuwa imebakiza miezi miwili.

10. Ukiwa darasani, na ukirudi. Mafunzo mengi huwa kwa Kiingereza. Tengeneza orodha yako ya istilahi na, mbele ya kila moja, andika maelezo ya Kiswahili ambayo mama muuza samaki wa Deep Sea angeyaelewa. Usipoweza kuyaandika, bado hujaelewa. Keti na watu wa sekta nyingine, kwa kuwa mtu wa simu ameshapita mahali ambapo mtu wa maji bado anapapasa. Ukirudi, andika taarifa ya kurasa tatu ndani ya wiki mbili, kabla mafaili yaliyokusubiri hayajakumeza.

Mambo yakikwama

*Ofisi imekataa kukupa takwimu.* Usigombane na mtunza kumbukumbu. Tumia taarifa za EWURA, ambazo zina takwimu za kila mamlaka, kisha peleka barua rasmi ukitaja jedwali na ukurasa ambao hukuuelewa. Anayeomba ufafanuzi husaidiwa kuliko anayeomba faili zima.

*Uniti zilizouzwa zimezidi zilizozalishwa.* Haiwezekani, lakini hutokea kwenye karatasi. Angalia kama dira ya mtamboni ilikuwa mbovu, kama mwezi wa usomaji wa mitaani haulingani na mwezi wa uzalishaji, au kama kuna tarakimu nyekundu zilizoingia.

*Bei uliyokokotoa ni mara tatu ya bei iliyopo.* Mara nyingi umeingiza gharama za mradi mzima katika mwaka mmoja badala ya kuzigawa kwa umri wa mali, au umechanganya shilingi na maelfu ya shilingi. Taarifa nyingi za fedha huandikwa kwa maelfu, na maneno hayo hukaa juu kabisa kwa herufi ndogo.

*Huna shahada.* Kwa kozi za vyeo vya juu hicho ni kikwazo cha kweli, wala sitakudanganya. Lakini kozi za mtandaoni na semina za jumuiya hazina masharti sawa, na kwa maoni yangu msoma dira mwenye mgawanyo sahihi wa upotevu wa mtaa wake mmoja ana kitu ambacho wahitimu wengi hawana.

*Mwajiri anasema hakuna fungu.* Mpelekee hesabu ya hatua ya 4 kwa eneo moja dogo, ikionyesha fedha zinazopotea kwa mwezi, kando yake ada ya kozi. Akikataa tena, anza na kozi ya mtandaoni, na hesabu hiyo itunze kwa mwaka wa bajeti unaofuata.

*Umekubaliwa, na swali lililobaki ni nguo.* Gainesville mwezi Januari asubuhi huwa na baridi kuliko Lushoto wakati mwingine. Koti moja zito linatosha. Katika nafasi itakayobaki kwenye begi weka daftari la hatua ya 3 hadi ya 6.